Mimi Mwalimu wa Kiswahili, Mwanangu Anaburuza Mkia Kwenye Somo la Lugha

Shikamoo mama mshauri,

Safu yako huwa naisoma kwenye basi la alfajiri nikirudi kutoka kazini, na sikuwahi kufikiri ipo siku na mimi nitaandika. Naomba jina langu lisitajwe.

Nina miaka 41. Nyumbani nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 11, shule ya kata mkoani Tanga. Miaka mitatu iliyopita tulishinda bahati nasibu ya viza tukahamia Louisville, Kentucky, mimi, mke wangu na watoto wawili. Nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku, kupanga vifurushi. Silalamiki, kodi inalipwa na mkono unakwenda kinywani.

Shida yangu ni mwanangu wa kwanza. Ana miaka tisa, yuko darasa la nne. Kiingereza anakipiga kama amezaliwa hapa, hata mimi ananisahihisha matamshi. Sasa mwezi uliopita yamekuja majibu ya mtihani wa jimbo alioufanya alipokuwa darasa la tatu. Hesabu yuko vizuri. Kwenye kusoma wamemwandika "Novice", ngazi ya chini kabisa kati ya nne. Na ripoti ya mwalimu, pale kwenye somo wanaloliita Language Arts, ana 2 zimejipanga kama kuku kwenye kamba, na 1 moja kwenye kuandika.

Mama, mimi hilo somo lenyewe silielewi. Ningejua ni Kiingereza ningesema sawa, mtoto mgeni, atajifunza. Lakini ana kipindi kingine cha mwalimu wa Kiingereza cha wageni, anayekuja kumtoa darasani nusu saa. Kwa hiyo Language Arts ni nini? Ni sarufi? Ni fasihi? Mbona kuna neno la sanaa? Nilimuuliza mwenyewe akanijibu, "Baba, ni kusoma na kuandika na kuelezea tu." Nikamwambia basi njoo nikufundishe, hiyo ndiyo kazi yangu. Akasema, "Baba, Kiswahili siyo Language Arts."

Nilicheka. Usiku kule ghalani sikucheka.

Nikupe mfano. Alikuja na kazi ya nyumbani, hadithi ya ukurasa mmoja: mvulana anaokota mbwa, anamficha kwenye banda, halafu anaona tangazo la bibi anayemtafuta mbwa wake, mwisho anamrudisha. Swali likawa: mhusika amebadilikaje toka mwanzo hadi mwisho? Tulikaa naye mezani kabla sijaenda kazini. Akaandika kwa Kiingereza: mvulana ni mwema, hadithi inatufundisha tuwe waaminifu. Nikaona amejibu vizuri, sentensi kamili, fundisho lipo. Ikarudi na 1, na kwa kalamu ya kijani mwalimu ameandika: "Umejuaje? Wapi kwenye hadithi?" Sasa mama, mtoto kamrudisha mbwa wa watu, kuna haja ya kuuliza umejuaje?

Kubwa lililonifanya niandike ni hili. Mke wangu alikwenda kikao cha mzazi na mwalimu, mimi nilikuwa nimelala baada ya zamu. Kiingereza cha mke wangu bado cha dukani, kwa hiyo mtoto ndiye aliyemtafsiria. Alirudi na habari kwamba mwalimu amesema tuache Kiswahili nyumbani, ndicho kinachomvuta nyuma. Mke wangu ameshikilia hapo hapo. Anasema jirani zetu, familia ya kutoka Kongo, wanaongea Kiingereza tu ndani na watoto wao wanapewa vyeti. Ananiambia, "Wewe unatetea Kiswahili kwa sababu ndiyo kazi uliyoiacha, siyo kwa ajili ya mtoto."

Tumejaribu wiki mbili. Nyumba imekuwa kama msiba. Mezani unasikia vijiko. Mke wangu, ambaye kwa hadithi za Sungura na Fisi angeweza kukukesha, sasa anamwambia mtoto "Eat. Finish. Good." Mdogo wake wa miaka minne akisema "maji" anaambiwa "water". Juzi bibi yao kapiga simu kutoka Muheza, yule mkubwa kamwangalia kwenye skrini, kanyamaza, karudisha simu.

Niache Kiswahili? Nikiacha nitakuwa nimezika kitu kwa mikono yangu. Nisipoacha na mtoto akaendelea kufeli, mke wangu hatanisamehe, na mimi sijui kama nitajisamehe.

Mwalimu asiye na darasa,
Louisville

MAJIBU

Marahaba, mwalimu wangu. Nitakuita mwalimu, maana hilo jina hakuna ghala linaloweza kulivua.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona mtoto anayepata alama za chini. Mara ya pili nikaona mambo matatu yamefungwa kwenye kanga moja: mtoto na somo lake, nyumba na lugha yake, na wewe na miaka yako 11. Mkeo amekugusa pale penye kidonda cha tatu, ndiyo maana panauma. Lakini hata kama ana chembe ya ukweli kuhusu wewe, hilo halimjibu mtoto. Tuyafungue moja moja.

Nianze na hilo somo, kwa sababu nadhani hapo ndipo mlipopotezana na kijana wako.

Neno la sanaa lisikubabaishe, hakuna kuchora hapo. Ni neno lenye maana ya zamani, ya ustadi. Shule za Ulaya za zama za kati zilikuwa na sanaa tatu za maneno: sarufi, mantiki na balagha, yaani ufundi wa kushawishi kwa maneno. Ukitaka kulitia Language Arts kwenye Kiswahili ulichokuwa ukikiandika kwenye andalio lako la somo, ni stadi za lugha. Zile zile nne ulizowakaririsha watoto wa watu: kusikiliza, kuzungumza, kusoma, kuandika. Vyama viwili vikubwa vya walimu wa Kiingereza na wa kusoma huko Marekani vilipotoa viwango vyao mwaka 1996 viliongeza mbili, kutazama na kuwasilisha kwa picha, zikawa sita. Kwa hiyo uliposema "ni sarufi au ni fasihi?" jibu ni kwamba vyote vimo, na ufahamu, na utungaji, na kusimama mbele ya wenzako ukaeleza. Kipindi kile kingine, cha kumtoa nusu saa, ni cha kumpa Kiingereza chenyewe. Language Arts ni cha kukitumia hicho Kiingereza kufikiri na kuonyesha ulivyofikiri. Mtoto anaweza kuwa na kile cha kwanza mdomoni na hiki cha pili bado.

Sasa niruhusu nikuulize swali la kiualimu. Kidato cha nne, sehemu ya fasihi, swali la insha lilikuwa linakujaje? Si unakumbuka: linatolewa kauli, halafu "thibitisha kwa kutumia vitabu viwili ulivyosoma, hoja tatu kutoka kila kitabu". Mwanafunzi aliyekuandikia "kitabu kinatufundisha tuwe waaminifu" akaishia hapo, ulimpa ngapi? Naamini uliandika pembeni, kwa wino mwekundu, "thibitisha!" Mwalimu wa mwanao ametumia wa kijani.

Swali la mbwa ni lile lile, mwalimu. Kwetu linamsubiri mtoto mpaka afike kidato cha tatu au cha nne. Kule linamkuta na miaka tisa. Kentucky ilikuwa jimbo la kwanza kuyakubali mapatano ya viwango vya pamoja vya majimbo (Common Core), yaani orodha ya yale mtoto wa kila darasa anayotakiwa kuyaweza, mwaka 2010, na ingawa wameyafanyia marekebisho tangu hapo, mhimili ni ule ule: darasa la nne mtoto arejee kwenye maelezo na mifano iliyomo kwenye matini, iwe anaeleza kilichosemwa wazi au kilichofichika. Tena angalia, swali halikuuliza fundisho. Liliuliza mabadiliko. Mwanzo anamficha mbwa bandani, maana yake anajua kuna ubaya kidogo. Akaona tangazo. Je, alirudi nyumbani siku ile akanyamaza? Alishindwa kula? Hapo katikati ndipo penye alama, na wewe na kijana wako mliparuka mkaenda moja kwa moja kwenye fundisho. Umemfundisha alivyofundishwa mtoto wa kwetu wa darasa la nne, na umemfundisha vizuri. Ila swali lilikuwa la kidato cha nne.

Unaona ninakokwenda? Nilitamani kumwambia kijana wako kwamba baba yake amelisomesha Language Arts miaka 11. Lakini kauli ya mtoto haivunjwi na shangazi wa kwenye safu.

Sasa hilo la "amefeli". Naelewa, neno "Novice" na namba 1 na 2 zinamshtua mtu aliyezoea kuandika 28 kwa wino mwekundu. Sikuambii ni jambo dogo. Ni ngazi ya chini, na wanaolisoma hilo jina huenda wakamweka mtoto kwenye kapu asilostahili. Lakini mtoto amefika Marekani akiwa na miaka sita. Jim Cummins wa Kanada, aliyeyafuatilia haya toka miaka ya 1970, alitofautisha Kiingereza cha uwanjani na Kiingereza cha kwenye vitabu. Cha uwanjani mtoto mgeni hukipata kwa miaka miwili hivi. Cha vitabu huchukua mitano hadi saba kuwafikia wenzake waliozaliwa nacho. Wako ana mitatu. Matamshi yake mazuri ndiyo yanayowadanganya wote, wewe, mkeo, pengine na mwalimu.

Kuna karatasi nyingine nataka uitafute. Kila mwaka, majira ya baridi, watoto wanaojifunza Kiingereza huko Kentucky hufanya mtihani unaoitwa ACCESS, na majibu yake hutoka kwa stadi nne, kila moja na kiwango kutoka 1 hadi 6. Itoe uiweke kando ya hiyo ya "Novice". Kama kusikiliza na kuzungumza viko juu na kusoma na kuandika viko chini, basi una mtoto aliye njiani. Kama vyote viko chini na havijasogea kwa miaka miwili, hapo kuna mazungumzo mengine ya kufanya na shule, pamoja na macho na masikio kupimwa. Mimi sijaiona, sikuamulii.

Nafika kwenye lililonisimamisha.

Umeandika, kwa kupita tu, kwamba mtoto ndiye aliyemtafsiria mama yake. Mwalimu, rudi hapo. Ni nani aliyesema tuache Kiswahili? Ni mwalimu, au ni mtoto wa miaka tisa aliyewekwa katikati ya watu wazima wawili wanaomjadili yeye mwenyewe, huku anajua alama zake ni mbaya? Simwiti mwongo, tafadhali usiende kumkalisha chini umhoji. Inawezekana mwalimu alisema hivyo hivyo, wapo wanaosema, tena kwa nia njema. Inawezekana pia alisema "msomeeni Kiingereza zaidi nyumbani", ikafika kwa mama kama "acheni Kiswahili". Kwa masikio ya mtoto hizo ni sentensi mbili zinazofanana. Na inawezekana kijana mwenyewe ndiye aliyechoka kuwa Mswahili mbele ya wenzake, akapata mwanya. Ninyi mmebadilisha lugha ya nyumba nzima kwa neno ambalo hakuna mtu mzima aliyelisikia.

Kwa hiyo kabla ya kuacha au kutokuacha, kuna kikao cha kurudiwa. Wewe Kiingereza unacho, ungeweza kwenda mwenyewe. Lakini ningependa mkeo awepo pia na asikie kwa Kiswahili, kutoka kwa mkalimani mtu mzima, kwa sababu akisikia kutoka kwako atasema umetafsiri unavyopenda. Ombeni mapema na kwa maandishi. Msione haya. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya Lau iliyoletwa na wanafunzi Wachina wa San Francisco, ilisema kumpa mtoto asiyejua Kiingereza kitabu kile kile na mwalimu yule yule siyo usawa. Kesi ilikuwa ya watoto, lakini naona hata mzazi asiyeelewa kinachosemwa kikaoni ni hivyo hivyo. Mji wenu una Waswahili wengi wa kutoka Kongo, hamtakuwa wa kwanza kuomba. Tatizo nililoliona kwa njia hii ni kwamba mkalimani naye hutofautiana. Wengine hufupisha dakika kumi zikawa sentensi mbili. Mkiona hivyo, mwambieni arudie.

Mkishatoka huko mtakuwa na njia kadhaa, na hakuna iliyo laini.

Mnaweza kuendelea na Kiingereza tu. Faida ipo, siikatai: masikio yanazoea, na mkeo naye Kiingereza chake kitatoka dukani. Lakini umeniandikia mwenyewe bei yake. Mwanamke aliyekuwa na Sungura na Fisi amebaki na maneno matatu. Yale mtoto anayohitaji kwenye Language Arts, kwa nini mhusika kafanya vile, kingetokea nini asingefanya, huyo mama anayaweza kwa Kiswahili na hayawezi bado kwa Kiingereza. Mkinyamazisha Kiswahili mnamnyang'anya mtoto mwalimu mmoja wa nyumbani. Cummins huyo huyo alishikilia kwamba ujuzi wa kusoma na kufikiri unaopatikana kwa lugha moja huvuka kwenda ya pili. Mtoto akishajua kuthibitisha hoja, hajifunzi upya kuthibitisha, anatafuta maneno tu. Kuhusu jirani, mkeo angewauliza wamekaa huko miaka mingapi, na watoto wao waliingia shule wakiwa na umri gani. Cheti hakisemi.

Mnaweza kurudisha Kiswahili kama kilivyokuwa na kuiachia shule kazi yake. Hapo moyo wako utatulia, ila mkeo atabaki na hofu, na hofu ya mama haipotei kwa kushindwa hoja. Mtoto akirudi na 1 nyingine, mtaanza ugomvi kutoka mwanzo.

Au mnaweza kuchanganya. Mama anasimulia kwa Kiswahili, na fisi akishaingia mtegoni anauliza, "Unadhani alijua? Umejuaje? Nilisema nini kilichokuonyesha?" Mtoto anajibu kwa lugha inayomjia. Wewe, siku ambazo huendi kazini, mnachukua kitabu cha Kiingereza cha maktaba na yeye ndiye anayekusomea, anakusahihisha matamshi, nawe unamwuliza lile swali lako moja la kidato cha nne. Naona macho yako yameng'aa, kwa hiyo nikuwekee breki. Umesimama bila darasa miaka mitatu. Mtoto mmoja wa miaka tisa hawezi kubeba njaa ya mwalimu aliyezoea wanafunzi hamsini. Ukigeuza meza ya chakula kuwa chumba cha mtihani, atavichukia vyote viwili, Kiswahili na Language Arts, na atakuwa na sababu. Dakika kumi, halafu mpira.

Na kama shule itasema wamwongezee muda na yule mwalimu wa Kiingereza, waulizeni anatolewa kwenye kipindi gani. Akitolewa hesabu, ambako ndiko anakojisikia mtu, hilo lina uzito wake. Akitolewa kwenye Language Arts yenyewe, mnazidi kumsogeza mbali na kile mnachotaka akipate. Kuna shule ambazo mwalimu huyo huingia darasani akakaa naye pale pale. Ulizeni tu, msikubali wala kukataa siku hiyo hiyo.

Simu ya bibi Muheza nimeiacha makusudi mpaka sasa. Mtoto aliyerudisha simu hakusahau Kiswahili kwa wiki mbili, haiwezekani. Alikuwa ameambiwa lugha ile inamharibia shule, na bibi ndiye mwenye lugha ile. Sijui alifikiri nini alipoiangalia ile skrini. Wewe unaweza kumwuliza siku mkiwa wawili tu, ukiwa hutaki jibu lolote maalumu. Na mkeo, yeye anasemaje kuhusu simu ile? Barua yako imenieleza anachodai, haikunieleza anachoogopa. Anaweza kuwa anaogopa kwamba mtoto ataishia ghalani, zamu ya usiku, na hataki kukwambia hivyo usoni kwako.

Mkishakaa na yule mwalimu, niandikie tena. Nataka nijue alisema nini hasa, kwa maneno yake mwenyewe, na kama mvulana wa kwenye hadithi aliweza kula chakula siku ile aliyoona tangazo.